Pumzi Hutangulia, Mfupa Hufuata

Mhadhara kwa klabu za jogging na walimu wa michezo, Dar es Salaam



Kabla sijasema lolote naomba tufanye jambo moja. Pandisheni suruali ya mguu wa kulia mpaka karibu na goti. Wenye madera, dera likipanda kidogo leo hakuna wa kunung'unika. Shikeni ule mfupa wa mbele, ule ambao umeme ukikatika usiku hukutana na ubao wa kitanda ukaona nyota. Huo ndio ugoko. Wazee wengine huuita muundi. Sasa telezesheni kidole gumba kutoka mbele kwenda upande wa ndani wa mguu mpaka mfupa unapoisha na nyama ya shavu la mguu inapoanza. Mtaona pana ukingo, kama ukingo wa meza. Fuateni ukingo huo kushuka kuelekea kwenye kifundo, polepole, mkibonyeza kila baada ya upana wa vidole viwili. Msione haya kubonyeza.

Nimesikia "aii" tatu, na moja imetoka kwenye viti vya makocha.

Aliyeumia naomba akumbuke: je, ameumia kwenye eneo refu, kama urefu wa kiganja, au kidole kimegota mahali pamoja tu, hapo hapo, na juu yake na chini yake hakuna kitu? Likumbukeni jibu hilo. Nitaliuliza tena kabla hatujaachana.

Nije kwenye shughuli yangu. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na katika kazi yetu kuna mgonjwa ambaye moyoni nimempa jina: mgonjwa wa Februari. Mkesha wa mwaka mpya, pilau ikiwa bado mezani, ameapa mbele ya shemeji zake kwamba mwaka huu anakwenda Moshi kukimbia kilomita 21 kwenye Kilimanjaro Marathon. Mbio zile huwa mwishoni mwa Februari. Kuanzia tarehe 2 Januari mpaka siku hiyo ni wiki nane, au saba na siku chache. Wiki ya kwanza anakimbia kilomita tatu na kifua kinawaka. Wiki ya pili kifua kimetulia. Wiki ya tatu anaruka kama swala, wenzake wanampigia makofi kwenye kundi la WhatsApp, naye anasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno: "Pumzi imekubali." Pumzi ikishakubali, anaongeza kilomita mara mbili. Wiki ya nne au ya tano anaingia chumbani kwangu, anakaa kitandani, na kabla sijamuuliza jina anainama kushika hapa mlipoweka vidole vyenu sasa hivi.

Pumzi yake haikumdanganya. Moyo, mapafu na damu hujifunza haraka; wiki tatu nne zinatosha mtu kuona tofauti kubwa. Misuli nayo si mizito ya kuelewa. Mfupa una kalenda yake.

Tumezoea kuuona mfupa kama jiwe, labda kwa sababu tunakutana nao kwenye sahani. Ndani ya mwili mfupa uko hai na una mafundi wawili. Mmoja kazi yake ni kubomoa sehemu zilizochoka, mwingine anamfuata nyuma akijenga upya. Ukianza kukimbia, mfupa unapata habari kwamba mzigo umeongezeka, unaita mafundi. Ugomvi uko kwenye kasi zao. Mbomoaji humaliza sehemu yake kwa takriban wiki tatu. Mjenzi huchukua kama miezi mitatu kujaza pale palipobomolewa. Mwenye kukarabati nyumba huku wapangaji wamo ndani anaelewa ninachosema. Kuna kipindi ukuta wa zamani umeshavunjwa na mpya haujakauka, na kipindi hicho, kwa aliyeanza tarehe 2 Januari, kinaangukia wiki ya nne na ya tano. Yaani siku zile zile pumzi inapokubali na yeye anapoongeza mzigo.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Mtu akikimbia, kila mguu unapogusa ardhi unapokea mara mbili mpaka tatu ya uzito wake. Chukua mtu wa kilo 70 anayekwenda kilomita kumi: kila mguu unatua karibu mara elfu tano. Kila unapotua, ugoko unapinda. Ndiyo, unapinda, kidogo sana, kama ubao wa jukwaa unapokanyagwa, kisha unarudi. Na mahali unapoelemewa zaidi ni chini ya katikati, kuelekea kifundo, kwa kuwa hapo ndipo mfupa huu ulipo mwembamba kuliko kwingine kote. Pale pale vidole vyenu vilipolalamikia.

Zamani wataalamu walisema tatizo ni misuli ya shavu la mguu kuvuta ule utando unaoufunika mfupa mpaka ukavimba. Siwezi kusema walikosea kabisa, maana msuli wa ndani wa shavu la mguu hufanya kazi kubwa mno mtu akikimbia, nguvu yake ikafika mara sita ya uzito wa mwili na kuzidi. Lakini mifupa ya wanariadha wenye maumivu haya ilipopimwa, ilikutwa imepungua uzito wake wa madini hapo hapo panapouma, na walipopona ukarudi. Kwa hiyo nikiulizwa mimi, maumivu haya ni ya mfupa ulio katikati ya ukarabati, na msuli ni shahidi aliyekamatwa pamoja na mshtakiwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba miguu baada ya matembezi marefu. Ilibaki miaka arobaini kabla ya picha za eksirei kugunduliwa, kwa hiyo hakujua kwamba ndani ya uvimbe ule mlikuwa na nyufa za mifupa. Mpaka leo makuruta wa majeshi ya dunia ndio wanaoongoza kwa maumivu ya ugoko, na sababu haihitaji darubini: kijana aliyekuwa akicheza mpira kila jioni na kijana aliyekuwa akikaa dukani kwa baba yake wanafika kambini siku moja, wanapewa mbio moja na kwata moja. Kwata juu ya saruji, kisigino kikigongwa chini mpaka kisikike! Mguu wa mwenye duka unafanya hesabu ambayo haujawahi kufundishwa.

Hapa niwageukie walimu. Mnaukumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi, kengele ya asubuhi, vumbi, mwenzio mmoja anaanzisha wimbo na kundi zima linaitikia? Nasikia siku hizi shule nyingine wameuacha. Mchakamchaka ulikuwa na hekima ambayo sisi wenye saa za kupimia mapigo ya moyo tunainunua ghali. Mtu anayeimba hawezi kukimbia kuipita pumzi yake. Hatua zilikuwa fupi na za haraka, maana wimbo ndio ulioshika mwendo. Umbali ulikuwa mdogo, na ulirudiwa siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Ndivyo mfupa unavyopenda kufundishwa. Na hata Iten, kule Kenya, ambako wamekaa mabingwa wa dunia, anayewaona wakitoka alfajiri hushangaa wanavyoanza polepole, wanapiga soga kama watu waendao kuchota maji. Mgonjwa wangu wa Februari anaanza kwa kasi ambayo bingwa anaihifadhi kwa ajili ya baadaye.

Sasa turudi kwenye vidole vyenu, kwa sababu si kila ugoko unaouma unasema jambo moja.

Ulioumia kwenye eneo refu, la sentimita tano au zaidi, upande wa ndani, unauma mwanzo wa mazoezi kisha unapoa mwili ukipata moto, halafu unarudi jioni au asubuhi unaposhuka kitandani: huo mara nyingi ndio huu wa ukarabati. Ni onyo. Ukilisikia mapema, utapunguza mbio na maisha yataendelea. Ulioumia mahali pamoja, pa kufunikwa na kidole, unaouma hata ukitembea, unaokuamsha usiku, na ukiruka kwa mguu huo mmoja unakufanya ushike ukuta, huo nauogopa. Huenda mfupa umeshapata ufa. Na msije mkatulizwa na picha ya eksirei, kwa kuwa ufa wa namna hii, wiki mbili tatu za mwanzo, mara nyingi hauonekani kwenye picha hiyo. Kipimo cha MRI huuona mapema, lakini najua bei yake na najua foleni yake, kwa hiyo mimi humtendea mgonjwa mwenye dalili hizo kama mwenye ufa mpaka ithibitike kinyume.

Kuna wa tatu, ambao si mfupa kabisa. Mtu anakimbia, na kila siku ikifika dakika ile ile, tuseme ya kumi na mbili, misuli ya mbele au ya nyuma inakaza kama soksi iliyobana, unyayo unakufa ganzi, wakati mwingine unaburuza vidole. Akisimama, muda si mrefu inaachia. Ni misuli inayovimba ndani ya mfuko usiotanuka. Huyo kumkanda ni kupoteza muda. Anahitaji daktari wa mifupa.

Na nimwombe kila mzazi na mwalimu aliyemo humu: mtoto akilia ugoko huku ana homa, au mguu umevimba na una moto, msiseme ni michezo. Mfupa wa mtoto hupata usaha. Mtoto mwenye selimundu maumivu ya mifupa kwake ni habari nyingine kabisa, na hayo hayasubiri kesho. Mtu mzima naye aliyevimba shavu la mguu upande mmoja baada ya safari ndefu ya basi au ndege, linalouma na lenye joto, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani linaweza kuwa donge la damu.

Nisiwahubirie kana kwamba mimi nilizaliwa na busara. Nimewahi kuwa mgonjwa wa Februari, tena cheti changu kikiwa kimeshatundikwa ukutani, kwa hiyo sina hata kisingizio. Wiki ya nne ugoko wa kushoto ulianza kuuma ninaposhuka kwenye daladala asubuhi, ile ngazi ya mwisho iliyo juu kuliko inavyostahili. Nikikimbia, dakika kumi za kwanza zilikuwa mbaya, kisha unanyamaza, nami nikajidanganya kwamba kunyamaza ni kupona. Wiki ya sita nikaanza kumeza diklofenaki nusu saa kabla ya kutoka. Wiki ya saba maumivu yaliyokuwa yametandaa kama kiganja yakajikusanya mahali ambapo ningeweza kupafunika kwa sarafu ya shilingi mia mbili. Nilikwenda hospitali moja kupiga picha. Picha ikasema mfupa mzima, na daktari wa zamu akanipa ruhusa, kwa sababu ruhusa ndiyo niliyokwenda kuitafuta. Kule Moshi njia inapanda kuelekea Mweka, na kupanda nilipanda vizuri tu, migomba huku na huku, watoto wakishangilia. Kushuka ndiko kulikonimaliza. Mtu akishuka hatua inarefuka, kisigino kinafunga breki kila kinapotua. Nilirudi mjini ndani ya gari la wagonjwa, namba yangu bado imebanwa kifuani kwa pini nne. Picha ya wiki tatu baadaye ilionyesha weupe wa mfupa unaojiunga. Miezi minne sikukimbia.

Kwa hiyo nikisema kidonge kabla ya mbio ni hatari, nazungumza kama aliyekitumia. Kidonge hakikuuponya mfupa wangu, kiliuziba mdomo.

Mtaniuliza tiba za nyumbani. Kukanda kwa maji ya moto kunafariji, na nani ataukataa mkono wa mama wenye kitambaa cha moto? Kandeni nyama ya shavu la mguu, msikande mfupa. Mguu ukiwa na joto baada ya mazoezi, barafu inatuliza zaidi: chupa ya maji iliyogandishwa, ifungwe kwenye khanga, dakika kumi mpaka kumi na tano. Inapunguza maumivu, basi; haijengi kitu. Kuchua kwa kidole gumba kuchimba juu ya mfupa ni kumpiga fundi akiwa kazini. Na chale! Bado napokea vijana waliochanjwa kwa wembe juu ya ugoko na kupakwa unga mweusi. Ngozi ya hapo ni nyembamba, mfupa uko chini yake tu, na kidonda cha hapo hupona kwa shida.

Soksi za kubana, mazoezi ya kunyoosha misuli, mbio za kuongeza taratibu: Waholanzi waliyapima mambo haya kwa wanamichezo 74, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Makundi yote matatu yalikuwa na mpango wa mbio za kuongeza taratibu. Moja likaongezewa mazoezi ya misuli, jingine soksi. Hawakupishana. Kila kundi lilichukua, kwa wastani, zaidi ya siku mia moja kumaliza mpango. Mimi nilipousoma utafiti ule nilicheka, kwa sababu siku mia moja ni ile ile miezi mitatu ya fundi mjenzi. Anayewauzia soksi za kuponya kwa wiki mbili anawauzia soksi.

Kuhusu raba nitautetea mtumba, maana si kila mtu wa kununua kiatu cha laki tatu. Ukifika soko la Karume, iweke raba juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelala upande mmoja kama mlevi, irudishe. Hiyo ilishajifunza mguu wa mtu mwingine. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao na ina mikunjo, sponji imekufa, hata kama juu inang'aa. Ukizipata nzuri, usizianzie kwenye mbio ndefu. Na barabara zetu zimeinama pembeni ili maji yatiririke: anayekimbia kila siku upande mmoja anafanya mguu mmoja kuwa mrefu kuliko mwingine. Ufukweni ni hivyo hivyo, mchanga unaelekea baharini. Mkienda Coco Beach, kwenda na kurudi muwe kwenye mstari ule ule, miguu igawane taabu.

Aliyekwisha kuumia aache kile kinachouma, asilale. Baiskeli inaruhusiwa, kuogelea kunaruhusiwa, na bahari tunayo bure. Anyanyue visigino akiwa kwenye ngazi ya nyumba, goti limenyooka kisha limekunjwa kidogo, polepole kupanda na polepole zaidi kushuka, mpaka mguu mmoja uweze mara ishirini na tano bila kutetemeka. Ila asiyafanye akiwa bado anaumia usiku. Akiweza kutembea kwa haraka nusu saa siku kadhaa mfululizo bila kusikia kitu, na akiruka kwa mguu mmoja mara kumi bila kukunja uso, ndipo aanze: dakika moja mchakamchaka, dakika moja kutembea, mara kumi. Kesho yake apumzike. Hakimu wake ni asubuhi inayofuata, hatua za kwanza kutoka kitandani. Zikiuma kuliko za jana, arudi hatua moja nyuma. Zisipouma, dakika za kukimbia ziwe mbili. Aongeze umbali kwanza, kasi baadaye, vilima mwisho kabisa. Hatua azifupishe, ziwe nyingi zaidi kidogo kwa dakika, kama asilimia tano mpaka kumi. Wimbo wowote wa mchakamchaka anaoukumbuka utamsaidia.

Fundi mjenzi naye hula. Dagaa wa kutafunwa pamoja na mifupa yao, uji wa ulezi, mtindi, na wali wa kutosha. Wengi wanaojogging wanataka kupungua, kwa hiyo wanaongeza mbio na kupunguza chakula siku moja, na mfupa unabaki kulipa pande zote mbili. Na hili nalisema makusudi mbele ya makocha wa kiume: binti anayefanya mazoezi makali akikatikiwa na hedhi, hiyo ni taarifa juu ya mifupa yake. Asipongezwe kwa wepesi. Apelekwe kwa daktari, na aongezewe chakula.

Kila ninapomwambia mtu "simama", hakosekani wa kunitajia John Stephen Akhwari, Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, aliyeanguka, akaumia goti, akamaliza marathoni zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Namheshimu kama mnavyomheshimu. Lakini mzee yule aliumia siku ile ile, akiwa kwenye mbio zenyewe, akiwa amejiandaa miaka. Hakumeza kidonge wiki nane ili aendelee na ufa. Jina lake lisitumike kumlazimisha karani wa benki kwenda Mweka na mguu mbovu.

Swali langu la mwanzo sijalisahau. Ambaye kidole chake kilipita eneo refu, wiki hii apunguze nusu ya kilomita zake na Jumamosi ijayo ajibonyeze tena. Ambaye kidole kiligota mahali pamoja asiondoke bado, aje hapa mezani, raba mkononi. Wengine chai iko nje, na ngazi za kushukia ziko upande wa kushoto.